Je, wajua jinsi ya kutambua saruji iliyo "ya kijani" kweli?

Ukiingia hadiwea yoyote Nairobi utakuta bidhaa zilizobandikwa maneno "kijani" au "rafiki wa mazingira". Neno hilo likisimama peke yake halithibitishi lolote. Basi mjenzi atajuaje ukweli?

Tuanzie tanurini. Saruji husagwa kutokana na klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Wengi hudhani uchafuzi wote ni wa moto ule. Kumbe jiwe lenyewe limebeba gesi: choma kilo 100 za chokaa safi, na kilo 44 zitapaa zikiwa kaboni dioksidi, hata kama tanuri lingepata joto kwa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: mfuko huu una klinka kiasi gani?

Jibu, kwa kadiri fulani, limechapishwa kwenye mfuko wenyewe. Tafuta herufi CEM. CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi, bila kuhesabu jasi. CEM IV/B ina asilimia 45 hadi 64, na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni pozolana, kama majivu ya volkano. Namba 32.5 au 42.5 inayofuata ni ya nguvu, haihusiani na uchafuzi.

Lakini herufi hizo hazisemi tanuri liliwashwa kwa makaa ya mawe au kwa taka, wala klinka ilisafirishwa kutoka wapi. Hapo ndipo linapohitajika tamko la mazingira la bidhaa, hati inayoandaliwa kwa kufuata kiwango cha ISO 14025. Kiwanda hupiga hesabu za uchafuzi kuanzia machimboni, kisha mkaguzi huru huzipitia kabla hazijatangazwa. Kwa kawaida hati hudumu miaka 5.

Nasisitiza hili kwa sababu watu hulichanganya: tamko halisemi bidhaa ni nzuri. Linatoa namba zilizokaguliwa tu, na namba mbaya nazo hukaguliwa.

Unapolinganisha hati mbili, tazama hesabu imeishia wapi. Hatua huandikwa kwa herufi na namba: A1 hadi A3 ni mpaka lango la kiwanda. A4 ni safari ya kufika mjengoni. Vigae kutoka ng'ambo vinaweza kuonekana safi mpaka uongeze meli, kisha lori la kilomita karibu 480 kutoka Mombasa.

Tazama pia kipimo. Kulinganisha saruji kilo kwa kilo hupotosha, maana ile ya nguvu ndogo huenda ikadai mifuko zaidi kufikia uimara uleule. Linganisha mita moja ya ujazo ya zege yenye nguvu sawa, na kwa nguzo na slabu mwachie mhandisi aamue nguvu hiyo. Usimpunguzie fundi saruji kwa jina la mazingira.

Muuzaji akisema hati ipo, omba namba yake ya usajili na tarehe ya kuisha, uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya shirika lililoisajili. Isipoonekana huko, usiihesabu.