Je, wajua? Mtu wa mita 1.81 aliwezaje kuruka mita 2.40?

Nenda kwenye uwanja wowote wa mpira wenye magoli ya vipimo halali, usimame chini ya mtambaa wa panya. Uko mita 2.44 kutoka ardhini. Shuka upana wa vidole viwili. Hapo ndipo Stefan Holm, mwanariadha wa kuruka juu wa Sweden, alipopitisha mwili wake mzima Machi 2005 jijini Madrid, kwenye mashindano ya Ulaya ya ukumbini, upau ukabaki mahali pake. Holm ana urefu wa mita 1.81. Aliruka sentimita 59 juu ya utosi wake mwenyewe.

Mtaani mtu wa mita 1.81 ni mrefu wa kawaida, hakuna anayegeuka kumwangalia. Kwenye mchezo wa kuruka juu anazungumza na mabega ya wenzake. Javier Sotomayor wa Kuba, anayeshikilia rekodi ya dunia ya mita 2.45 tangu 1993, ana kimo cha takriban mita 1.95. Patrik Sjöberg, Mswidi aliyeruka mita 2.42 mwaka 1987, ana mita 2.00 kamili. Sjöberg alivuka utosi wake kwa sentimita 42, na kwa mtu yeyote hilo ni jambo la ajabu. Holm alimzidi hapo kwa sentimita 17. Mtu mwingine aliyefikia tofauti ya 59 ni Mmarekani Franklin Jacobs, mwenye mita 1.73, aliyeruka mita 2.32 huko New York mwaka 1978.

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka mingi, tena kwa kujiamini. Jibu langu lilikuwa moja: siri iko mgongoni. Mrukaji anapopinda juu ya upau kama upinde, kitovu chake cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa mwili umejisawazisha kuizunguka, kinapita chini ya upau wakati mwili unapita juu. Basi, nilisema, hata hajaruka mita 2.40 kwa kweli. Ameidanganya fizikia.

Ukitaka kuona kwa nini jibu hilo linavutia, chukua ngata, ile kanga iliyosokotwa duara ambayo mtu huiweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Uzito wake wote umejipanga kuzunguka tundu, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko katikati ya tundu, mahali pasipo na uzi hata mmoja wa kitambaa. Mwili wa binadamu nao ukipindwa vya kutosha unaweza kuwa na kitovu chake nje ya nyama na mifupa. Mrukaji akiwa chali juu ya upau, kichwa na mabega yameshaanza kushuka upande wa godoro na miguu bado inaning'inia upande aliotokea. Kilicho juu ya upau kwa wakati huo ni kiuno tu. Anapita kama nyoka anavyopita juu ya gogo, kipande kwa kipande.

Yote hayo ni sahihi. Kosa langu lilikuwa kulifanya jambo la sentimita chache lieleze sentimita 59. Rafiki mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani hao wenzake hawapindi mgongo?" Sikuwa na la kusema. Sjöberg alipinda. Sotomayor alipinda. Tangu Mmarekani Dick Fosbury aliposhinda Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 kwa mita 2.24 akiruka kinyumenyume, mtindo huo ulienea hadi ukawa wa wote. Hila inayotumiwa na kila mtu haiwezi kueleza kwa nini mmoja wao ni wa ajabu.

Kuna ushahidi mwingine unaoipunguza hadhi ile hila. Mtindo uliotangulia, wa kuuvuka upau kifudifudi, haukufa mwaka 1968. Valeriy Brumel wa Muungano wa Kisovyeti alikuwa amefika mita 2.28 kwa mtindo huo mwaka 1963. Rosemarie Ackermann wa Ujerumani Mashariki alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka mita 2.00, mwaka 1977, kifudifudi. Vladimir Yashchenko alivunja rekodi ya dunia ya wanaume mwaka 1978, miaka kumi baada ya Fosbury, kifudifudi vilevile. Na warukaji wa siku hizi wanapopimwa kwa kamera, mara nyingi kitovu chao cha uzito huonekana kikipita usawa wa upau au juu yake kidogo. Kupita chini kabisa kunawezekana kwenye karatasi, lakini uwanjani ni nadra. Kwa hiyo Holm alilazimika kujiinua kweli.

(Jibu la pili la watu wengi ni miguu mirefu. Hilo lina ukweli wake, maana mrefu anaanza safari kitovu chake kikiwa tayari juu. Ila ni jibu la kulishika kwa tahadhari, kwa kuwa lina historia mbaya. Wazungu waliofika Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 walishangazwa na mchezo wa huko wa kuruka juu, gusimbuka urukiramende, na picha maarufu ya mwaka 1907 inaonyesha kijana akiwa angani juu ya kamba, chini yake wamesimama Wazungu wawili. Walitaja mita 2.50. Warukaji wale walikuwa wakiruka kutoka kwenye jiwe au kichuguu kidogo, na kipimo chenyewe hakikufuata kanuni za leo, kwa hiyo namba hiyo haiwezi kulinganishwa na ya Sotomayor. Lakini maelezo ya wageni yalikimbilia maumbile na nasaba, wakati mbele yao kulikuwa na vijana walioufanyia mchezo huo mazoezi tangu utotoni.)

Sasa turudi kwa Holm, na tuanze na hesabu ya kukadiria. Mrukaji wa kimo chake, akiwa amesimama kwa ncha ya kidole cha mguu mmoja, goti la pili limepanda na mikono iko juu, kitovu chake cha uzito kiko karibu mita 1.3 kutoka ardhini. Ili kifike 2.40 kinahitaji kupanda kama mita 1.1. Hapo lazima aondoke ardhini akiwa na kasi ya kwenda juu ya karibu mita 4.6 kwa sekunde. Hakuna binadamu anayepata kasi hiyo kwa kusimama, kuchuchumaa na kufyatuka. Holm mwenyewe, akiruka kwa kusimama, hakuwa wa kutisha kwa viwango vya wanariadha.

Kasi hiyo inatoka kwenye mbio. Warukaji bora wa kiume huufikia upau wakienda karibu mita 7 hadi 8 kwa sekunde, na Holm alikuwa miongoni mwa wenye kasi zaidi. Kasi ya mita 8 kwa sekunde, kama ingegeuzwa yote iende juu, ingeinua kitovu cha uzito zaidi ya mita 3. Mafuta yapo ya kutosha, tena yanabaki. Kazi ngumu ni kuugeuza mwendo wa mbele uwe wa juu.

Umewahi kuona mtoto akiteremka kilima na baiskeli, akabana breki ya mbele peke yake? Gurudumu la mbele linasimama, la nyuma linanyanyuka, na mtoto anaruka juu ya usukani. Hakujirusha. Hakuna msuli wake uliofanya kazi hiyo. Mwendo ulikuwapo, ukazuiwa chini, ukatafuta njia juu. Hatua ya mwisho ya mrukaji ni breki ya mbele. Anatanguliza mguu mbali mbele ya mwili, karibu umenyooka, unyayo unang'ang'ania ardhi, na mwili unapanda juu ya mguu huo kama mtu anayepanda juu ya mlonjo.

Mguu usipinde sana, hapo ndipo penye siri. Chomeka ufito mbichi ardhini huku unakimbia. Utalegea na kumeza mwendo wako wote. Chomeka mkavu, utakurusha. Goti la mrukaji likilegea kidogo kupita kiasi, mbio zote alizokusanya zinaishia pajani kama joto. Na unyayo unagusa ardhi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya tano ya sekunde. Muda huo hautoshi msuli kufikia nguvu yake kamili kuanzia sifuri. Lazima uwe umekaza tayari kabla ya kutua.

Kinachonyumbuka ni kano, hasa ile nene ya kisigino. Fikiria manati. Panda ya mti inashikwa imara, mpira unavutwa, kisha unarudi kwa nguvu ileile uliyovutwa nayo. Kwenye mguu, msuli wa shavu la mguu ni mkono unaoshika panda. Anayevuta mpira ni uzito wa mwili unaokuja kwa mita 8 kwa sekunde. Mkono ukitetereka, manati haifai kitu. Ndiyo maana mrukaji anahitaji misuli yenye nguvu ya kugoma kuliko misuli ya kusukuma.

Hapa ndipo mtindo wa Fosbury unapopata sifa yake ya haki, na haimo mgongoni. Imo kwenye kona. Mrukaji wa chali hukimbia njia iliyopinda mwishoni, na kama dereva wa bodaboda anayeingia kona, analazimika kulalia ndani. Kulala huko kunashusha kitovu cha uzito bila kukunja magoti, kwa hiyo hapotezi kasi. Anapochomeka mguu, mwili unatoka kwenye mlalo na kusimama wima, na kwa kuwa umeshaanza kuzunguka, unaendelea hadi chali juu ya upau bila kulazimishwa. Mkimbiaji wa mstari ulionyooka angelazimika kuchuchumaa ili ashuke, na kuchuchumaa ni kubana breki kabla ya wakati. Mgongo uliopinda ni mwisho wa hadithi iliyoanza hatua tano nyuma.

Maisha ya Holm kwenye mchezo huu yalikuwa, kwa kweli, maisha ya kurudia hatua hizo. Alizaliwa mwaka 1976 huko Forshaga, na kocha wake alikuwa baba yake, Johnny. Sydney mwaka 2000 alikuwa wa nne. Alitwaa ubingwa wa dunia wa ukumbini mara nne, 2001, 2003, 2004 na 2008. Dhahabu ya Olimpiki aliipata Athens tarehe 22 Agosti 2004 kwa mita 2.36, jioni ileile Mswidi mwenzake Christian Olsson alipotwaa ya miruko mitatu. Mazoezini alikuwa akiviruka vizuizi vya karibu mita 1.70, kimoja baada ya kingine. Hivyo navyo vinafunza jambo lilelile: kutua, kugoma, kufyatuka.

Je, mguu wa namna hiyo unajengwa, au mtu anazaliwa nao? Mwaka 2007, kwenye mashindano ya dunia ya Osaka, Holm alikutana na Donald Thomas wa Bahamas, mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye alianza kuruka juu mwaka 2006 baada ya ubishi wa wanafunzi chuoni. Thomas alikuwa hata hajajifunza kupinda vizuri. Angani miguu yake ilikuwa ikipiga kama ya mwendesha baiskeli. Alishinda kwa mita 2.35. Holm, mwenye miaka takriban ishirini ya mazoezi, alikuwa wa nne kwa 2.33.

Baadaye wanasayansi waliwapima wote wawili. Kano ya kisigino ya Thomas ilikutwa ndefu isivyo kawaida kwa mtu wa kimo chake, mpira mrefu wa manati. Ya Holm ilikutwa ngumu mno, inayohitaji nguvu kubwa sana kuinyoosha hata kidogo. Inavutia kusema basi mmoja alizaliwa na manati na mwingine akaitengeneza. Kano huweza kweli kukakamaa kwa mazoezi, lakini hao ni watu wawili tu, na ya Holm haikupimwa alipokuwa mtoto, kwa hiyo mimi, niliyekwisha kuumbuliwa na ngata, siendi mbali zaidi ya hapo.

Kilichoandikwa kwenye vitabu ni hiki. Mwaka 2008 Holm alikuwa wa nne tena, Beijing, kisha akastaafu. Thomas mwaka huohuo hakuvuka mchujo. Aliendelea kuruka kwa miaka mingi, na kimo chake bora, alichokifikia 2016, ni mita 2.37, sentimita 2 tu zaidi ya kile alichoanza nacho Osaka akiwa hajui kupinda. Kimo bora cha Holm nje ya ukumbi, alichokipata Athens katika mwaka wake wa mwisho, ni mita 2.37 pia.