Upatanifu wa vifaa vya kompyuta: kuingia si kukubali

Upatanifu ni kukubaliana kwa kifaa kipya na vile vilivyomo tayari ndani ya kompyuta. Mafundi wa hapa Tabora hawalitaji sana neno hilo, husema tu, "Hii ramu haikubali kwenye mashine hii." Lakini kukubali kuna hatua tatu, na wanunuzi wengi huishia ya kwanza. Kifaa kiingie mahali pake, kipate umeme wa kiasi chake, kisha madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ikitambue.

Huku kwetu kukosea kuna gharama. Deskitopu nyingi za steshenari na ofisi ndogo ni za mtumba, na vifaa vyake mara nyingi huagizwa Kariakoo vije kwa basi. Kikikataa, nauli ya kukirudisha ni juu yako, na muuzaji atakwambia kilitoka dukani kizima.

Anza na ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, maana ndiyo inayonunuliwa zaidi. Weka ya DDR3 na ya DDR4, vizazi viwili vinavyofuatana, mezani pamoja. Urefu ni uleule, lakini ya kwanza ina pini 240 na ya pili 288, na ule mkato mdogo kwenye ukingo wa chini haukai sehemu moja. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Mkato umewekwa makusudi ili usichomeke kisichohusika. Ukiona ramu haishuki, usiikandamize.

Inayotesa ni ile inayoshuka vizuri halafu ikagoma. Niliwahi kununua ramu mbili za DDR3 kwa bei nzuri mno. Zilikaa barabara, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nilihangaika nayo jioni nzima, nikizitoa na kufuta pini, kabla sijasoma lebo kwa makini: PC3-10600R. Hiyo R mwishoni inaonyesha ni ramu ya seva, na deskitopu ya kawaida haiitambui. Nilitakiwa kutafuta yenye U. Herufi moja tu, na ilikuwa imeandikwa wazi. Kwenye lebo hizo PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nayo ina mtego wake. Jina "Core i5" pekee halitoshi. i5-2400 ya mwaka 2011 (kizazi cha pili) na i5-3470 ya 2012 (kizazi cha tatu) zote hukaa kwenye soketi ya LGA 1155, lakini i5-4570 ya 2013 inataka LGA 1150, haiingii kabisa. Hata hizo mbili za soketi moja, madabodi iliyotoka na kizazi cha pili huhitaji BIOS mpya (programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta) ndipo iitambue prosesa ya kizazi cha tatu. Na madabodi za chipseti (chipu za madabodi zinazoongoza mawasiliano ya vifaa) ya Q67, zilizojaa kwenye kompyuta za ofisi za wakati ule, Intel haikuziweka miongoni mwa zinazokubali kizazi hicho.

Kadi ya picha iangalie kwa umeme na kwa kimo. Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu. Zaidi ya hapo kadi inataka waya wake kutoka pawa saplai, na kompyuta ndogo za ofisi mara nyingi hazina waya huo. Kesi nyembamba nayo inataka kadi fupi.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, mimi ningekushauri SSD ya SATA, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, inayochomekwa kwenye mlango uleule wa hadidiski. Inakubali karibu kila mahali. Hata kwenye mlango wa zamani wa gigabiti 3 kwa sekunde itafanya kazi, japo haitafikia kasi yake yote, na utaona tofauti kubwa ukitoka kwenye hadidiski. Zile SSD nyembamba za NVMe, zisizotumia mlango wa SATA, ni jambo jingine: hata ukitumia adapta, BIOS nyingi za zamani haziwezi kuwashia Windows kutoka humo.

Kabla ya kutuma hela, fungua kesi usome namba ya madabodi, au tumia programu ya CPU-Z kama hutaki kugusa skrubu. Ukiwa na namba hiyo, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kiwango cha juu cha ramu na orodha ya prosesa zinazokubalika. Kisha toa ramu ya zamani, piga picha lebo yake na madabodi kwa ukaribu, umtumie muuzaji WhatsApp. Mwombe naye akutumie picha ya lebo ya hicho anachokuuzia, uzilinganishe herufi kwa herufi.