Samaki bado iko kwa mafuta na mtoto ashapanda meza

Mimi hufundisha PP1 hapa Kisumu, watoto wa miaka minne hivi, na kila Jumatatu asubuhi wazazi huniletea kesi za wikendi. Ile inajirudia sana ni ya mtu alipeleka mtoto Dunga, pale ufuoni mwa ziwa, kula samaki akaishia kumbeba nje analia na sahani hata haijafika. Mwalimu, huyu mtoto ni mtundu ama? Mi huuliza swali moja tu, alikula saa ngapi mara ya mwisho?

Juu hebu angalia venye mambo huenda. Umefika, umechagua ngege yako, yaani tilapia, inatolewa magamba, inakatwa-katwa mbavuni, inaingia kwa mafuta, na kama umeitisha ya mchuzi inarudi tena kwa sufuria na nyanya na kitunguu, hapo nusu saa imeisha na ugali ndio unaanza kusongwa. Wewe uko na stori na simu. Yeye yuko na meza inamfika kidevuni na kikopo cha chumvi, sasa ulitaka afanye nini na hiyo chumvi?

Kwa hivyo mpe ndizi kabla mtoke nyumbani. Na mfike mapema, Jumapili saa saba watu wametoka kanisa ni fujo tupu.

Lakini kungoja kwenyewe hufundishwa nyumbani, si hotelini. Darasani sisi tunatumia uji wa saa nne: hakuna mtu anakunywa mpaka kikombe cha mwisho kifike. Wiki za kwanza ni vilio, wengine wanaficha kikombe chini ya meza wakipiga funda, halafu polepole wanazoea, na siku moja nikisahau nikaonja wangu mapema wananikemea darasa nzima. Pia tunacheza hoteli, mmoja anakuwa weita, wengine wanaitisha, “anti naomba maji”, “asante anti”. Jaribu na chai ya jioni tu, haihitaji pesa.

Simu ya katuni? Sina vita nayo, ila kwa samaki naikataa kabisa. Ngege ina miba myembamba na mtoto ameangalia skrini hajui ameweka nini mdomoni. Mtolee nyama mwenyewe, ipapase na vidole, ndio umpe.

Sasa nikiri yangu. Kijana wangu akiwa na miaka mitatu alimwagia mama wa meza ya pili soda, gauni jeupe la kanisa, na mimi mwalimu mzima nikamfokea mbele ya watu wote. Alilia mpaka mpishi akachungulia. Siku hizi akichemka tunatoka nje wawili, nachuchumaa tuwe macho kwa macho, naongea chini-chini, tukirudi anasema pole mwenyewe. Mimi simsemei. Saa zingine inatoka kama mnong'ono lakini inatoka.

Na wali ukimwagika chini tunaokota yale mabonge makubwa pamoja, hata kama weita anasema achana nayo.

Kuna siku itakataa kabisa, hajalala, joto ya Kisumu nayo ndio hiyo, na kila mtu anawaangalia. Hapo usishindane na mtoto, mwambie weita akufungie samaki mwende mkamalizie nyumbani.