Je, wajua? Vinukta vinavyometa kwenye nyasi usiku ni macho ya buibui

Usiku usio na mbalamwezi, washa tochi, iinue hadi usawa wa jicho ukiiegemeza kwenye kipaji cha uso, kisha mulika nyasi zilizo hatua tano hadi kumi mbele yako. Utaona vinukta vya kijani au vyeupe vikimeta. Kifuate kimoja bila kuhamisha mwanga, na mwisho wake utamkuta buibui wa kahawia ametulia. Huyo ni buibui mbwa mwitu, wa familia ya Lycosidae, yenye spishi zaidi ya 2,400 duniani.

Ukiishika tochi kiunoni hutaona kitu. Nyuma ya chembe zinazopokea mwanga katika jicho lake kuna utando unaofanya kazi kama kioo, sawa na ule wa paka na fisi. Mwanga hupita kwenye chembe mara ya kwanza, hugonga utando, hurudi na kupita mara ya pili, na ndiyo maana buibui huona hata kwenye giza. Mwanga huo hurudi kule ulikotoka. Ukitoka kiunoni hurudi kiunoni, na jicho lako liko juu. Umande nao humeta, lakini rangi zake hubadilika unaposogea. Jicho la buibui hubaki na rangi moja, na likizimika ghafla ujue amegeuka.

Ukimkaribia, hesabu macho, kwa maana hapo ndipo kuna uhakika. Yako manane katika safu tatu: chini manne madogo, juu yake mawili makubwa yanayotazama mbele, na nyuma zaidi, juu ya kichwa, mawili ya wastani yanayotazama pembeni na juu. Yanayong'aa ni sita. Mawili ya katikati kwenye safu ya chini hayana utando huo. Rangi ya mwili haitoshi kumtambua, kwa kuwa buibui wengi ni wa kahawia au kijivu. Wapo wenye mwili usiofika sentimita moja, na wakubwa hukaribia milimita 35 bila kuhesabu miguu.

Wengi humchanganya na yule buibui bapa wa ukutani, anayetandaza miguu pembeni na kuteleza nyuma ya picha. Mbwa mwitu ni wa ardhini, miguu yake imesimama imara chini ya mwili, na hukimbia. Hatandi wavu wa kunasia. Huvizia au hukimbiza windo, na huwinda peke yake licha ya jina lake. Kuna jamaa mmoja aliye tofauti, Hippasa, wa Afrika na Asia, anayetandaza shuka la utando juu ya nyasi na kujificha kwenye shimo la pembeni.

Jike ndiye rahisi kuliko wote kumtambua. Hufuma kikombe cha uzi, hutaga ndani, hufunika, kisha hukishona pembeni kuwa kifuko cha mviringo, kidogo kama choroko au kikubwa kama njegere kulingana na umbo lake. Hukigandisha nyuma ya tumbo, penye matundu ya kutolea uzi, na kutembea nacho kila mahali. (Ukimwona buibui amebeba kifuko mdomoni, chini ya kifua, huyo ni wa familia nyingine, Pisauridae.) Akikipoteza hukitafuta kwa bidii, na akipewa kijidonge cha karatasi anaweza kukibeba kama chake. Siku zikitimia huuchana mshono kwa meno yake, na watoto hupanda mgongoni kwake, makumi kwa makumi, wakishikilia nywele zake kwa takriban wiki nzima.

Kwa hiyo anayempiga jike kwa kandambili na kuona vijibuibui vikitawanyika sakafuni hajapasua mayai. Amewaangusha watoto waliokuwa wamebebwa.

Haumi asipobanwa. Akiuma, huuma kama nyuki na huvimba kidogo. Osha kwa sabuni, weka maji baridi. Kumtoa nyumbani, mfunike kwa glasi, pitisha kadibodi chini yake, mwachie kwenye nyasi.

Wakulima wa mpunga wa Asia wanamfahamu kwa sababu nzito zaidi. Spishi yake moja, Pardosa pseudoannulata, hula mdudu wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga hadi shamba likauke. Dawa ikipulizwa, buibui hufa, ila mayai ya mdudu yamo ndani ya shina na hubaki salama. Yakianguliwa, hakuna tena wa kuwala, na shamba huharibika kuliko lile lisilopulizwa. Mwaka 1986 Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga kwa ajili ya tatizo hilo.