Jambo Ulipendalo Haliokotwi Forodhani

"Kila mtu ana lake, alitafute tu."

Anayeamini hivi huhamahama: wiki mbili udi, tatu kushona kofia, kisha kupiga picha, na kila likimtoa jasho husema si lake. Mwaka 2018 watafiti O'Keefe, Dweck na Walton walichapisha majaribio yao: watu walionyeshwa video ya kuvutia juu ya mashimo meusi ya angani, kisha wakapewa makala ngumu ya mada hiyohiyo. Walioamini kwamba mapenzi ya jambo mtu anayo tayari ndani yake ndio waliopoteza hamu zaidi. Wenzao walioamini kwamba hukuzwa walistahimili kuliko wao.

Chukua huo udi (wa kupiga, si wa kufukiza). Kwa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja wa sauti nzito. Shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kikiteleza milimita chache tu, sauti imeshapotoka. Vidole vya kushoto vitauma mpaka ngozi ikomae. Tena unyevu wa masika: jana umeutundika uko sawa, leo kila uzi unasema lake, nawe unadhani sikio lako bovu. Sikio halina kosa. Anza kwa kukaza au kulegeza nyuzi mpaka zipatane, kisha shika uzi mmoja, sauti nne, polepole, dakika 20 kila siku. Hizo zinafaa kuliko saa tatu za Ijumaa peke yake, kwani kidole hujua umbali kwa kurudia mara nyingi na kupumzishwa katikati. Jipe wiki sita. Usijiulize kama umeshajua. Jiulize kama ukiwa dukani au daladalani wimbo unakurudia kichwani. Na udi usinunue bado, azima.

"Samaki mkunje angali mbichi."

Methali ya malezi hiyo, wazee wakaifanya kufuli. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyezaliwa Fumba mnamo 1880, alikuwa akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Mjini alihamia akiwa na miaka thelathini na kitu, na sahani zake za santuri alirekodi Bombay mwaka 1928, umri unakaribia hamsini. Kinachomkwamisha mtu mzima mara nyingi ni nafasi, si akili: asipopanga saa maalumu, wageni na shughuli zitaila.

"Ukilipenda hutachoka."

Utachoka. Mazoezi yanachosha hata fundi.

"Lisiloleta pesa ni kupoteza wakati."

Hapa wengi huharibikiwa kwa haraka. Kofia ya mkono ina vijitundu vingi, kila kimoja kikizungushiwa uzi peke yake. Ni kazi ya wiki nyingi. Anayejifunza akipokea oda ya Idi kabla mkono haujatulia, hukimbiza mishono, uzi ukalegea, tundu likapanuka kofia ikifuliwa, mteja akarudi nayo. Basi ya kwanza vaa mwenyewe, ya pili mpe ndugu yako, zote mbili zifuliwe mara kadhaa. Zisipofumuka, pokea oda, na tarehe ya kukabidhi uitaje wewe, si mteja.