Protini F ya RSV: hakikisha umbo kabla ya kuamini kipimo

Kichanga anayehema haraka huku kifua kikibonyea, awe Kondoa au Mpwapwa, huanzishiwa antibayotiki. Mara nyingi mhusika ni RSV, kirusi cha njia ya hewa ambacho dawa hizo hazikigusi.

RSV huingia kwa protini mbili. G hunasa kwenye seli zenye vinyweleo za njia ya hewa. F ndiyo huunganisha utando wa kirusi na wa seli. Kwanza kimeng'enya cha furini huikata mahali pawili na kuondoa kipande cha asidi amino 27. Hapo F inabaki kama mtego uliotegwa: ikifyatuka, hujikunjua, huchoma utando wa seli, na haitegeki tena.

Ndani ya seli, RIG-I, protini mlinzi, huitambua RNA ya kirusi na kuamsha interferoni, kengele ya kinga dhidi ya virusi. RSV nayo ina protini NS1 na NS2 za kuzima kengele hiyo. NS2 humshika RIG-I mwenyewe.

Lakini kwangu kiini ni umbo la F. Nyingi ya kingamwili zilizo kali zaidi hulenga kilele chake, sehemu Ø, ambacho hutoweka mtego ukifyatuka. Muundo wa F isiyofyatuka ulichapishwa mwaka 2013, na chanjo zilizojengwa juu ya F isiyofyatuka ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Chanjo ya miaka ya 1960, ya kirusi kilichouawa kwa formalini, ilizalisha kingamwili zilizoshika bila kuzuia. Hiyo haikuwa sababu pekee ya balaa lililofuata, yaani watoto waliochanjwa kuugua vikali zaidi, ila ni sababu nzito.

Kosa hilohilo, la kutumia F iliyofyatuka, linawezekana kwenye ELISA, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi kwenye visima vya sahani. Paka F mikrogramu 1 kwa mililita, mikrolita 100 kila kisima, ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4. Visima viwili vya ukaguzi ni lazima: kimoja kingamwili palivizumabu, inayoshika maumbo yote mawili, kingine kingamwili D25, inayohitaji sehemu Ø. Palivizumabu ikitoa rangi na D25 ikanyamaza, F yako imefyatuka. Itupe, hata kama namba zinapendeza.

Joto ndilo adui. Boksi lililoachwa kwenye gari juani Dodoma mchana linatosha kuiharibu F isiyoimarishwa, na kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara vilevile. Igawe kwenye mirija midogo siku ileile inapofika. Seramu unaweza kuipasha nyuzi 56 kwa dakika 30 kuzima komplementi, protini za kinga zilizomo ndani yake. F usiiweke kwenye bafu hilo la maji ya moto kamwe.