Makundi Makuu ya Thesaurasi Yachaguliweje?

Thesaurasi ni kamusi inayopanga maneno kwa maana, si kwa alfabeti. Juu kabisa huwa na makundi makuu machache. Kila kundi lina matawi, na matawi yana vijitawi. Mwalimu au mkutubi anayeiandaa kwa wasomaji wa Uganda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, hukwama mapema kwenye swali moja: makundi makuu yawe mangapi, na yawe yapi?

Idadi isikunyime usingizi. Mwaka 1668 John Wilkins, msomi wa Uingereza, aligawa dhana zote katika makundi 40. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza, alitosheka na 6 mwaka 1852, akayagawa hadi vichwa 1,000. Thesaurasi ya kihistoria ya Kiingereza iliyochapishwa 2009 ina 3 tu: ulimwengu, akili na jamii.

Penye kazi ni mipakani. Chukua dagaa, wale ambao upande wetu wa Ziwa Victoria huitwa mukene. Ni samaki, ni kitoweo, na husagwa kuwa chakula cha kuku. Mama muuza samaki atamtafuta kwenye Chakula, mwanafunzi kwenye Wanyama, mfugaji kwenye Ufugaji. Hapo watengenezaji wa thesaurasi huuliza hivi: je, kila dagaa ni samaki? Naam, wakati wote. Je, kila dagaa ni kitoweo? La, wengine bado wanaogelea. Basi makazi yake ni Wanyama, na kule kwingine unaweka "tazama pia". Kundi kuu linalokushinda kwa swali hili kila mara limechorwa vibaya.

Ngeli nazo zisikushawishi. M-MI ina mti, mgomba na mhindi, lakini humo humo kuna mto, mkono, mwaka na moshi. Ngeli ni utaratibu wa sarufi. Haikuundwa ili msomaji apate neno alitafutalo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kundi liitwalo Utamaduni. Ukilifungua juu kabisa, litameza ndoa, ngoma, vyakula, uganga, ufinyanzi, hata majina ya udongo. Afya itabaki na kidonge na sindano, huku mwarobaini ukitupwa Utamaduni, ilhali mgonjwa yule yule hutumia vyote viwili. Maana yake tumeyagawa maneno kwa asili ya watu wanaoyatumia, tukaiita hiyo elimu. Dawa ni dawa. Iwekwe Afya, mtafutaji aikute kando ya wenzake. Harusi iende Jamii, chungu kiende Vyombo.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey aligawa maarifa yote katika makundi 10, na mfumo wake bado unapanga vitabu katika maktaba nyingi duniani. Katika kundi lililopewa namba 200, la dini, Ukristo ulichukua karibu nafasi yote. Uislamu, Uhindu na dini za jadi za Afrika zikabanwa kwenye tawi lake la mwisho, namba 290. Aliyechagua vichwa vya juu aliamua nani awe sebuleni. Kwetu, ambako msikiti na kanisa vimejengwa mtaa mmoja, Imani iwe kundi moja lenye matawi yaliyo sawa.

Kuna pia maneno yasiyoshikika: upesi, deni, karibu, kuchelewa, nusu. Wengi huanza na vitu, halafu haya huyamwaga kwenye Mengineyo. Ukiona Mengineyo linanenepa, rudi ukafungue makundi ya Wakati, Kiasi na Hali.

Kwa vitendo, anzia chini. Kusanyeni maneno ya sokoni, zahanati, shambani, stendi ya bodaboda na ofisi ya kata, kila neno kwenye kikaratasi chake. Yapangeni pamoja, mzungumzaji wa Luganda, wa Acholi na wa Kiswahili mkiwa meza moja, bila kuyapa mafungu majina. Majina ya makundi makuu yaandikwe mwisho, baada ya mtu ambaye hakuwapo kupewa maneno mapya na kuyapeleka mahali pake bila kuelekezwa.